Maonyo Matatu Yaliyomezwa

Mmeniomba niwaandikie kurasa mbili tatu za kuwatia moyo nyie mnaoanza kazi kwenye kitengo chetu cha zamani. Mtanisamehe. Moyo mtajitia wenyewe. Mie nimekuja na hasira, na nimeileta nzima, kwa sababu wiki iliyopita nilipokuja kuwasalimia nilipita nyuma ya mwenzenu mmoja aliyekuwa anageuza mwongozo wa chanjo kuwa ukurasa wa kusomeka kwenye simu. Akabonyeza. Kompyuta ikaandika kwamba tayari. Akafunga. Nikamuuliza, "Mwanangu, umeufungua ukaona ulivyotoka?" Akanijibu kwa adabu kabisa, "Shikamoo Bi Zuhura. Hapana, si imeandika tayari?"

Imeandika tayari! Sufuria ikitoa mvuke ndiyo wali umeiva?

Nilimeza maneno siku ile kwa sababu nilikuwa mgeni. Leo si mgeni, niko kwangu Temeke, miguu yangu iko kwenye beseni la maji ya moto, na nitasema.

Kwa wale wapya kabisa, kazi yetu ilikuwa hivi. Madaktari wanaandika mwongozo: ugonjwa huu, dawa hii, kipimo hiki. Sie tunauingiza kwenye faili moja na kuuwekea alama ndani yake, zile mnazoziita tagi, zinazokaa kwenye mabano yenye ncha. Tagi hii inasema hiki ni kichwa cha habari. Hii inasema hapa pana jedwali. Hii inasema hili ni onyo, liwekwe kwenye kisanduku chekundu. Faili lenyewe ukilifungua halisomeki, macho yanauma. Lakini ukilipitisha kwenye programu zilizopangwa vizuri, faili hilohilo moja linakupa kitabu cha kuchapwa, linakupa ukurasa wa simu, linakupa na karatasi ya kubandika ukutani. Kuzifunga programu hizo kwenye kompyuta mpaka zikapatana, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu kwa miaka kumi na tisa, kwenye jengo letu kule Kinondoni.

Aliyenifundisha ni Bwana Anyosisye, mtu wa Tukuyu, mrefu, mpole, na akikasirika anaongea taratibu zaidi. Mimi nilikuwa mpiga chapa tu. Wiki yangu ya kwanza kwake niliandika amri, nikabonyeza, mashine ikaniambia faili halipo. Faili lipo, naliona kwa macho yangu! Nikaandika tena. Halipo. Nilihangaika asubuhi nzima, nikaanza kuamini kuna mtu ananifanyia makusudi. Anyosisye akaja na kikombe chake cha chai, akaangalia jina la folda yangu. Niliiita "Miongozo Mipya ya Mwisho Kabisa".

"Zuhura," akasema, "umeacha nafasi kati ya maneno. Mashine haijui kwamba hilo ni jina la mtu mmoja. Umemwita Miongozo, ikaenda kumtafuta Miongozo. Haikumwona. Hao wengine wote inashangaa wametoka wapi."

Nilicheka mpaka nikaona haya. Tangu siku hiyo sijawahi kuacha nafasi kwenye jina la folda. Na hilo neno "mwisho" nalo niliacha kulitumia, maana hakuna faili lililoitwa mwisho ambalo halikupata mdogo wake.

Siku nyingine mtandao ulikatika mtaa mzima, na programu zetu zikagoma kufanya kazi. Bosi wetu, Bwana Ludovick, akasema twende nyumbani, si mtandao hakuna? Anyosisye akauliza kwa upole: kugeuza faili lililo kwenye kompyuta hii kuwa kitabu kwenye kompyuta hiihii, mtandao wa nini? Tukachimba. Kumbe mstari wa kwanza wa kila faili ulikuwa unataja anwani ya ng'ambo ambako sheria za tagi zimehifadhiwa, na programu kila ikianza kazi inakwenda kwanza ng'ambo kuuliza. Kila mara! Ni kama mtu wa Mbagala kwenda mpaka Mbezi Luis kununua chumvi, na jirani yake anauza chumvi dirishani. Tukazishusha zile sheria, tukaziweka ndani, tukaandika kijifaili cha kuielekeza programu: ukitafuta hiki, kiko hapa nyumbani. Kazi iliyochukua dakika kumi ikachukua chini ya moja. Miaka yote ile tulikuwa tunalaumu kompyuta kwamba ni nzito.

Lakini nilisema nina hasira, sikuja kuchekesha.

Hasira yangu ya kwanza ni ya lugha. Programu zile zilitengenezwa na watu wasiojua kwamba sie tupo. Kila sura ilijiandika "Chapter". Kila onyo likajiandika "Warning". Mwongozo mzima wa Kiswahili, wa kusomwa na mhudumu wa zahanati, na juu yake "Warning". Na neno likifika mwisho wa mstari, programu inalikata kwa kanuni za Kiingereza. Niliwahi kuona "wagonjwa" imekatwa "wagon", halafu mstari wa chini "jwa". Wagon, yaani behewa! Hospitali imekuwa stesheni ya reli. Na "ng'ombe" ikatoka na alama ya kuuliza katikati, kana kwamba mashine haina hakika kama huyo mnyama yupo.

Nikamwendea Bwana Ludovick nikamwomba wiki mbili tuifundishe programu Kiswahili. Akaniambia, "Bi Zuhura, acha hivyohivyo. Kiingereza kinaupa mwongozo sura ya kitaalamu."

Sura ya kitaalamu! Mgonjwa haponi kwa sura. Tukaifanya kazi ile kwa kuiba nafasi, mie na Anyosisye, mchana wakati wenzetu wanakula. Sura, Jedwali, Kielelezo, Onyo, Angalizo, tukayaandika yote kwenye faili la tafsiri. Tukaandika na kanuni ya kukata maneno, na kwa Kiswahili ni raha, silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu: wa-go-njwa. Tukabadilisha na fonti, yaani umbo la herufi, ng'ombe akarudi zizini. Toleo lilipotoka, Bwana Ludovick alilipeleka kwenye mkutano akasifiwa. Hakututaja. Hilo nilimsamehe. Linalokuja sijamsamehe.

Katika programu zote Anyosisye alikuwa anaipenda moja kuliko nyingine. Tuliiita mkaguzi. Kabla faili halijageuzwa, mkaguzi analisoma herufi kwa herufi, na akikuta tagi imefunguliwa haikufungwa, au alama imekaa mahali pasipo pake, anasimamisha kazi nzima. Hakuna kitabu. Hakuna ukurasa. Anakutajia mstari wa ngapi una kosa, halafu ananyamaza mpaka ulirekebishe. Watu walimchukia. Mie mwenyewe nilimchukia mpaka nilipomwelewa.

Kosa alilolikamata mara nyingi ni la ile alama ndogo ya "chini ya", yenye ncha kushoto na mdomo umeachama kulia. Madaktari wanaipenda kwa sababu ni fupi. Lakini ndiyo alama ileile inayofungua tagi. Ukiiandika hivyohivyo, mashine inadhani tagi inaanza. Ina namna yake ya kuandikwa, kwa herufi za badala, na binti yetu wa kuingiza maandishi, Neema, mkaazi wa Ukonga, mtu makini sana, alikuwa akiisahau labda mara moja kwa mwezi. Mkaguzi anagoma, Neema anasonya, anarekebisha, maisha yanaendelea.

Anyosisye akastaafu, akarudi kwao Tukuyu. Haukupita muda mrefu Bwana Ludovick akaleta mkandarasi atufungie programu mpya. Kwenye kikao tukaonyeshwa. Nzuri kwa macho, rangi rangi. Bwana Ludovick akasimama kwa furaha, "Na hii haigomigomi kama hiyo yenu."

Nikanyoosha mkono. "Ikikuta kosa inafanya nini?"

"Inaendelea," akajibu mkandarasi.

"Na lile kosa linakwenda wapi?"

Watu wakacheka. Bwana Ludovick akasema, "Bi Zuhura, tusirudishe watu nyuma." Mkaguzi akaondolewa siku ileile. Mwongozo mpya wa dawa za watoto ukapitishwa humo, ukazinduliwa Jumatano, kwa keki na fulana, na zahanati zikaambiwa zirudishe vitabu vya zamani zitumie simu.

Jumanne iliyofuata, saa nne asubuhi, nilitoka kwenda kununua maandazi nikamkuta mwanamke getini, amevaa sare ya unesi, anabishana na mlinzi. Mlinzi anamwambia aandike barua pepe. Akaniona nina kitambulisho cha humo ndani.

"Shikamoo, mama. Wewe ni wa hapa?"

"Marahaba. Ni wa hapa. Kuna nini?"

Anaitwa Sista Magreth, wa zahanati moja huku kwetu Temeke. Akanipa simu yake. "Soma hapo, halafu niambie mmebadilisha au nimechanganyikiwa mie."

Nikasoma. Ilikuwa dawa ya homa ya watoto. Pale palikuwa pameandikwa, "Watoto wenye uzito", na chini yake mara moja, "hadi kilo kumi: nusu kidonge". Inasomeka vizuri kabisa. Haina kasoro.

"Jana nimeletewa mtoto wa kilo nne na robo," akasema. "Kwenye kitabu cha zamani palikuwa na onyo, chini ya kilo tano asipewe, apelekwe hospitali. Nimelitafuta kwenye simu silioni. Nikasema labda wakubwa wameona inafaa. Lakini moyo ukakataa. Nikamwandikia mama yake rufaa, akaenda."

"Kwa hiyo hukumpa."

"Mie sikumpa kwa sababu lile onyo lilikuwa kichwani. Nimelisoma miaka. Tuna binti wa zamu ya mchana, ana mwezi mmoja kazini. Yeye lingemjia kutoka wapi?"

Maandazi sikuyanunua. Nilimshika mkono tukapanda ghorofani.

Nikafungua faili la asili. Onyo lipo: watoto wenye uzito, halafu ile alama ya chini ya, kilo tano, wasipewe dawa hii, wapelekwe hospitali. Alama imeandikwa hivyohivyo, mdomo wazi. Nikaelewa. Programu mpya ilipokuta ule mdomo ilidhani ni tagi, ikaona tagi yenyewe haiijui, na kazi yake ni kutupa isichokijua. Ikatupa kila kitu kuanzia hapo mpaka mwisho wa onyo, na kisanduku chekundu chenyewe. Kikabaki kichwa cha sentensi, "Watoto wenye uzito", na hicho kikaungana na jedwali la chini kama vile vilizaliwa pamoja.

Nyie wanangu, hili lishikeni. Kosa linalosomeka vibaya hujitangaza lenyewe. Hili lilisomeka kama ukweli.

Nikahesabu maonyo kwenye faili la asili: arobaini na moja. Nikahesabu visanduku vyekundu kwenye simu: thelathini na nane. Nikahesabu mara ya pili kwa kidole, Neema amesimama nyuma yangu, na Sista Magreth ananiangalia usoni.

Tukaenda kwa Bwana Ludovick sote watatu. Alimsikiliza Sista Magreth akiwa anaandika ujumbe kwenye simu yake. Akamwambia, "Sista, mfumo ni mpya. Mtauzoea."

"Nizoee nini, kaka yangu?" akauliza Sista Magreth. "Nizoee mtoto kufa?"

Hapo ndipo alipoinua kichwa. Hakumjibu yeye. Alinigeukia mie. "Nani aliingiza maandishi haya?"

Neema akasema, "Mimi, bosi."

"Basi kosa tumelipata. Utaandikiwa barua."

Nikamwambia kwamba Neema alisahau alama, kama alivyosahau mara nyingi huko nyuma, na kila mara mkaguzi alimkamata kabla kosa halijatoka nje ya chumba chetu. Mkaguzi yuko wapi? Nani aliagiza aondolewe? Na nani alifungua ule mwongozo akausoma mpaka mwisho kabla ya kukata keki?

Akasema, "Tutarekebisha kwenye toleo lijalo. Siwezi kuushusha mwongozo uliozinduliwa juzi tu. Nitawaambia nini wakubwa?"

"Waambie ukweli," nikasema.

"Bi Zuhura, hilo ni agizo. Usiuguse."

Nikashuka, nikauondoa.

Sikuuliza mtu. Nilikuwa na ruhusa ya kuingia kwenye seva, nikaufuta mwongozo mpya wote, nikarudisha toleo la zamani, nikakaa nikaangalia mikono yangu. Sista Magreth akasema hiyo haitoshi, kwa sababu wengi walishaupakua kwenye simu zao na huko hauondoki. Basi tukakaa meza moja. Neema akaleta orodha ya namba za zahanati. Yeye anasoma namba, mie napiga, Sista Magreth anaongea, maana nesi humsikiliza nesi mwenzake. "Andikeni kwa mkono, bandikeni ukutani: chini ya kilo tano, asipewe." Na yale maonyo mengine mawili, vilevile. Tulianza kabla ya adhuhuri, alasiri ikatukuta tunapiga.

Wengi walishukuru. Wengine walilalamika kwamba kila siku tunabadilisha. Mmoja, mwanamke, sauti ya kijana, alimwomba Sista Magreth arudie. Halafu akauliza, "Tangu lini?"

"Tangu Jumatano," Sista Magreth akamwambia.

"Ngoja niangalie rejista," akasema, akakata.

Tulingoja. Nilimpigia tena, hakupokea. Nikampigia kesho yake, hakupokea. Nikaenda mwenyewe zahanatini kwake wiki iliyofuata, nikaambiwa ameomba uhamisho. Mpaka leo sijui aliona nini kwenye ile rejista. Nimeandika maelfu ya kurasa maishani mwangu, na huo ndio ukurasa ninaouwaza.

Madaktari waliouandika mwongozo waliposikia walikuja juu. Mkaguzi akarudishwa ndani ya siku mbili, na barua ya Neema ikafutwa baada ya mie kuandika maelezo ya kurasa nne na madaktari wawili kutia saini chini yake. Lakini Neema hakukaa. Alisema kila akiiona ile alama ndogo mkono unaganda. Sasa anafundisha watoto kusoma huko Ukonga, na kwa ninavyosikia hakuna mtoto wake anayeruka mstari.

Bwana Ludovick alihamishiwa ofisi kubwa zaidi. Alialikwa hata kutoa mada kuhusu ubora wa nyaraka. Niliiona picha yake, anatabasamu, nyuma yake ukutani maneno yamejiandika kwa Kiingereza.

Na mie, niliyekuwa nalilia maonyo matatu yasipotee, nikapewa onyo langu mwenyewe, la maandishi, kwa kukaidi agizo halali la mkuu wa kitengo. Nikapelekwa stoo kuhesabu katriji za wino mpaka nilipostaafu. Ndiyo maana wengi wenu hamkunikuta.

Sasa mtaniambia, Bi Zuhura, siku hizi kuna programu zenye akili, unazipa faili zinageuza zenyewe, hata tagi huhitaji. Nimeziona. Mpwa wangu kanionyesha. Zina adabu, haziwezi kugoma, na zikikosa kitu zinajaza kinachofanana nacho. Mnisikilize vizuri hapa: hizo ndizo ninazoziogopa zaidi. Zifungeni mnavyotaka, mie si adui wa vipya. Lakini mkimaliza, fungueni kilichotoka. Kifungueni kwenye simu mbovu kuliko zote ofisini, kwa sababu ndiyo aliyonayo nesi. Hesabuni maonyo yaliyoingia na maonyo yaliyotoka. Someni jedwali kwa sauti, mwenzako akiwa ameshika asili. Na mtu akikuambia programu yake haigomi kamwe, muulize nililouliza mie, na akicheka, usicheke naye.

Siku yangu ya mwisho nilienda kwa afisa utumishi kuchukua makaratasi yangu. Kijana mzuri, mstaarabu, mara ya kwanza kuonana naye. Akafunua faili langu, akaona ile barua, akafunga mlango taratibu.

"Bi Zuhura," akasema kwa sauti ya chini, "hili onyo hapa ninaweza kulitoa. Mtu mzima kama wewe, ustaafu na faili safi. Hakuna atakayejua."

"Umelisoma?" nikamuuliza.

"Hapana, Bi. Nimeona kichwa chake tu."

"Na maelezo yangu yaliyoambatanishwa nyuma yake, zile kurasa nne?"

Akatikisa kichwa.

Nikakaa kwenye kiti cha wageni, nikauweka mkoba wangu sakafuni. "Basi lisome, mwanangu. Lote. Mie sina haraka."

Akanitazama kama anayetaka kucheka, akaona sicheki. Akavuta kiti chake, akageuza karatasi, akaanza kusoma.